Amana na Zamu: Muhula wa Gavana wa Virginia

Kati ya majimbo 50 ya Marekani, ni Virginia pekee inayomkataza kila gavana wake kuongeza muhula wa pili papo hapo baada ya ule anaoumaliza, muhula ukiwa ni kipindi cha utawala kilichowekewa ukomo na sheria. Katazo hilo huelezwa kwa kawaida kuwa ni kinga dhidi ya mwenye uchu wa madaraka, lakini maelezo hayo yanalikwepa swali lililo gumu zaidi: ikiwa mamlaka ni amana, yaani mali ya watu iliyowekwa mikononi mwa mlinzi, ni kwa haki gani sheria inamzuia mwenye mali asimwachie tena mlinzi aliyemwona kuwa mwaminifu?

Jibu lilitolewa kabla jimbo halijapata gavana wake wa kwanza. Azimio la Haki la tarehe 12 Juni 1776, ambalo mwandishi wake mkuu alikuwa George Mason, lilitaka watunga sheria na watendaji warudishwe kila baada ya muda katika hali ya raia wa kawaida, ili wauonje wenyewe uzito wa mizigo wanayowatwisha wengine. Hoja hii haimshuku gavana kwamba ni mwovu. Inadai kwamba hata aliye mwema, akikaa juu muda mrefu, hupungukiwa na maarifa yanayopatikana chini tu. Aristotle alikuwa na wazo la namna hiyo aliposema kwamba raia mwema hana budi kujua kutawala na kutawaliwa pia, na kwa maana hiyo zamu ni shule, si adhabu.

Katiba ya mwaka huohuo iliagiza gavana achaguliwe kila mwaka na Bunge la jimbo, asizidishe miaka 3 mfululizo, kisha akae pembeni miaka 4. Wala haikumpa kura ya turufu, yaani uwezo wa kuukataa mswada uliopitishwa. Unyonge wa cheo hicho ulidhihirika mwaka 1784, pale Patrick Henry, aliyekuwa akipigania bungeni kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo, alipochaguliwa tena kuwa gavana: kupanda kwake kulimtoa katika mjadala, mswada ukafa, na mapema mwaka 1786 Sheria ya Uhuru wa Dini iliyotungwa na Thomas Jefferson ikapitishwa Henry akiwa bado gavana. Ni nadra heshima kumnyamazisha mtu vizuri kiasi hicho. Jefferson naye alikuwa ameuonja ukali wa kalenda, kwani muhula wake wa ugavana ulikwisha mwanzoni mwa Juni 1781, askari wa Uingereza wakiunyemelea mji wa Charlottesville, na jimbo likakaa siku kadhaa bila gavana aliyechaguliwa hadi alipopatikana Thomas Nelson.

Katiba ya 1851 iliwapa wapiga kura haki ya kumchagua gavana kwa miaka 4, ila katazo likabaki. Mills Godwin, aliyetawala kuanzia 1966 hadi 1970 kwa tiketi ya Democratic, alirudi mwaka 1974 kwa tiketi ya Republican, jambo linaloonyesha kwamba sheria haimnyang'anyi mwenye amana uchaguzi wake, bali inamlazimisha kusubiri.

Hata hivyo hoja ya Mason ina ufa ambao yeye hakuuziba. Mwaka 1790 karibu watu 2 kati ya kila 5 katika Virginia walikuwa watumwa, na Mason, Henry na Jefferson wote walimiliki watumwa. Kwa hiyo gavana aliyerudi kuwa raia wa kawaida alirudi shambani kwake, kwa watu waliobeba mzigo pasipo kuwa na zamu, na shule ile ya kutawaliwa hakuingia kamwe. Ilipofika Januari 1990 ndipo Douglas Wilder, mjukuu wa watumwa, alipoapishwa, akiwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuchaguliwa na wananchi kuwa gavana wa jimbo lolote. Na Januari 1994 kifungu kilekile, kilichotungwa na watu ambao hawakumhesabu babu yake miongoni mwa wenye amana, kikamtaka naye aondoke.