Mbwa wa Watu

Kuna filamu ya katuni ya Kijerumani ya mwaka 2019 kuhusu Fritzi, binti wa Leipzig, Ujerumani Mashariki, mwaka 1989. Rafiki yake Sophie anakwenda likizo Hungaria, anamwachia mbwa wake, Sputnik. Shule zinafunguliwa, Sophie harudi. Ukiuliza, wakubwa wanageuza mazungumzo. Basi mtoto anageuka mpelelezi, na msako unamfikisha kwenye maandamano ya Jumatatu ya kupinga serikali, kwenye Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Tarehe 9 Oktoba mwaka ule, watu wapatao 70,000 waliandamana mjini humo, na risasi haikulia. Mapinduzi hayo! Lakini Fritzi, nampendea hili, hatafuti mapinduzi. Ana mbwa wa watu wa kurudisha.