Ipende Timu, Uulize Hesabu

Vijana wangu wa Kawangware na Kibera, wengi wenu mnaoshabikia Ingwe mmerithi timu ambayo hamjawahi kuiona ikitwaa ligi. AFC Leopards, ndiyo hiyo Ingwe, ilibeba taji hilo mwaka 1998. Aliyezaliwa mwaka ule amekuwa mtu mzima akiambiwa kila msimu unapoanza kwamba zamu yetu imefika, na zaidi ya robo karne ikapita hivyo hivyo. Bado mnapiga isukuti kutoka Kawangware hadi uwanja wa Nyayo, na nauli ikiisha mnarudi kwa miguu. Siwaambii mwache. Nataka mjue timu kubwa huanguka vipi, maana baadhi yenu mnaendesha timu za mtaa, na ugonjwa wake ni ule ule.

Ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, timu ya watu waliokuja Nairobi kutafuta riziki wakataka kitu cha kukutania Jumapili. Ikachukua ligi mwaka 1966 na 1967, ikarudia 1970 na 1973. Ndiyo timu ya Joe Kadenge na Jonathan Niva. Serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondoke kwenye soka, ikawa AFC Leopards, na chini ya jina hilo ikafanya makubwa zaidi: ligi tatu mfululizo, 1980 hadi 1982, na kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1982, 1983 na 1984, Mahmoud Abbas akiwa golini. Mwaka 1985 fainali ya kombe hilo ilichezwa Khartoum, na timu zilizofika huko ni Leopards na Gor Mahia. Hebu fikirini: klabu mbili za Nairobi zinakwenda hadi Sudan kuamua nani mkubwa wa ukanda wote huu. Gor wakashinda mbili bila, na miaka miwili baadaye wakaitoa Espérance ya Tunisia na kuleta Kombe la Mandela nyumbani.

Basi nini kilitokea? Wengi watawatajia kiongozi fulani aliyeharibu. Mimi naona chanzo kiko mbali zaidi. Enzi zile mchezaji wa Leopards mara nyingi alikuwa na kazi yake, kwenye shirika la umma au kampuni, akaruhusiwa kutoka mapema kwenda mazoezini. Mshahara wake ulitoka kazini. Klabu ilimpa jezi, posho na heshima. Miaka ya 1990 mashirika yakaanza kupunguza watu, kazi zile zikayeyuka, na mchezaji akaigeukia klabu imlishe yeye na watoto wake. Klabu haikuwa na kitu. Ilikuwa na mapato ya mlangoni, wafadhili wa kuombwa, na wanasiasa waliokuja uchaguzi ukikaribia. Haikuwa na orodha ya wanachama wanaolipa ada, haikuwa na uwanja wake. Ikaporomoka hadi ikatoka Ligi Kuu, na ikarudi mwaka 2009.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Angalieni timu za kampuni. Utalii ilikuwa bingwa mwaka 1997. Oserian, ya wakuza maua wa Naivasha, ikawa bingwa 2001 na 2002. Leo ziko wapi? Timu ya kampuni, mwenyewe akichoka, huisha. Timu ya wananchi haiishi namna hiyo kwa sababu nyinyi hamkubali iishe. Ikifungwa mnakuja, ikidaiwa mnachanga, ikishuka daraja mnaifuata. Uaminifu huo ndio uliowaokoa Leopards, na ni uaminifu huo huo uliowapa viongozi nafasi ya kulala. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kiongozi anayejua kwamba Nyayo itajaa siku ya Mashemeji, Leopards wakikutana na Gor, hata kama hajasoma hesabu mbele ya wanachama kwa miaka mitatu, ataharakisha nini kuzisoma? Na shabiki anayeingizwa mlango wa pembeni kwa nusu ya bei, noti ikipotelea mfukoni mwa mtu, naye amekula sehemu ya mshahara wa mshambuliaji wake, hata kama ndani ataimba kuliko wote.

Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa ikaondoa udhamini wake, ikizozana na serikali juu ya leseni na kodi, na Ingwe na Gor zikabaki mikono mitupu ndani ya siku moja. Kocha Casa Mbungo kutoka Rwanda aliondoka kabla ya mwaka kuisha kwa sababu ya mshahara. Madeni yakafika FIFA, na mwaka 2021 klabu ikafungiwa kusajili wachezaji. Hapo kocha Mbelgiji Patrick Aussems akalazimika kutegemea vijana chipukizi, na vijana wale wakasimama imara wakaifanya timu iheshimike. Jambo hilo lilinifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Vijana walikuwepo siku zote, hapa Gatina, Kangemi, Laini Saba, kule Kakamega. Kwa nini tungoje tufungiwe mlango wa nje ndipo tuwaone watoto wa nyumbani?

Wajukuu zangu wa Gatwekera na Kisumu Ndogo mnaoshabikia Gor, msicheke. Gor nayo ilikaa kuanzia 1995 hadi 2013 bila ligi, miaka 18, na ilipoamka ikachukua mataji kwa mfululizo, kisha madeni yakaifikisha kwenye vifungo vile vile vya FIFA. Na wale wenu wenye jezi ya Manchester United mnajua vizuri kwamba tangu Ferguson aondoke mwaka 2013 ligi haijarudi Old Trafford kwa miaka mingi, ingawa pesa zilizomwagwa pale zingeweza kununua ligi yetu nzima. Pesa peke yake haijengi timu.

Sasa tuje kwenu. Kuna timu moja ya mtaa ninayoifahamu ambayo mweka hazina wake ana daftari la kurasa mia moja, kama la shule. Ukurasa mmoja kwa kila mechi: tarehe, wapinzani, nani ametoa hamsini, nani ameahidi, refa amelipwa ngapi, mpira umeshonwa kwa ngapi. Kila Jumapili kabla ya mazoezi anausoma kwa sauti, wachezaji wakiwa wamekaa chini. Mwanzoni walimwona msumbufu. Lakini mwenye duka aliposikia hesabu zinasomwa hadharani, alikubali kununua nyavu, na hakutaka jina lake liandikwe kwenye jezi. Timu hiyo haijachukua kombe lolote la maana. Wachezaji wake hawagombani kwa sababu ya pesa, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Anzeni hapo. Timu ya watoto ianze msimu huu huu, msingoje ile ya wakubwa ishuke. Mtu mmoja asishike pesa, simu ya kupokelea michango na mhuri kwa pamoja, hata akiwa ndugu yako. Na akija mheshimiwa na mipira mitano na wapiga picha, pokeeni, shukuruni, iandikeni daftarini kama michango mingine yote.

Kwa wewe unayecheza vizuri na umeanza kuitwa na klabu kubwa, usikimbilie jina. Waulize wanaocheza pale walilipwa lini mara ya mwisho. Usisaini karatasi usiyoielewa. Mwalimu wako wa sekondari au mtu yeyote anayesoma mikataba atakusaidia kwa saa moja. Kanuni za FIFA zinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba kwa sababu halali asipolipwa mishahara ya miezi miwili, mradi aiandikie klabu na kuipa siku 15 za kulipa. Haki hiyo huwezi kuidai bila ushahidi. Kwa hiyo siku ya kusaini dai nakala yako pale pale, toa fotokopi mbili, moja uwe nayo, nyingine mpe mama.