Amana ya Bawaba na Kitasa

Je, kukitunza kitu ambacho hatima yake ni kuharibika ni ibada, ama ni kuishughulikia dunia bure? Suala hili humkabili kila mwenye nyumba katika miji ya kaskazini ya Marekani, kama Minneapolis, pindi theluji iyeyukapo na mlango wa nje ukadhihirisha madhara ya baridi: maji yaliyopenya ndani ya kitasa, ambayo yagandapo huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, yamevisukuma vyuma vyembamba, chumvi inyunyizwayo njiani kuyeyusha barafu imezitia bawaba kutu, na ubao, ulionywea kisha ukavimba, umeuhamisha ulimi wa komeo mbali na tundu lake.

Dawa yake ni nyepesi: kuifuta chumvi kwa maji matamu na kukausha, kukaza parafujo, kutia mafuta bawabani, na kupuliza unga wa grafiti katika tundu la ufunguo, kwani mafuta mazito humo hukusanya vumbi.

Lakini hekima yake ni nzito. Mlango ni amana, kwa kuwa usalama wa watoto walalao ndani, na wepesi wa mzee kutoka endapo moto utazuka, hutegemea chuma kisichotazamwa na mtu. Naitakidi basi kwamba fanaa ya vitu haibatilishi wajibu wetu, bali ndiyo iliyouleta. Maana lau vingalidumu vyenyewe, insani asingalipata fursa ya kuuthibitisha uaminifu wake kwa matendo madogo yasiyo na shahidi ila Mola.