Mwombaji Kazi na Unyenyekevu

Je, kujitangaza ili kupata kazi kunapatana na unyenyekevu? Swali hili linawagusa vijana wa teknolojia ya habari mjini Kisumu. Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho karibu na mji huo, kimeambatanisha shahada zake nyingi, hata ya uchumi, na masomo ya fani hiyo, kwa hiyo cheti peke yake hakimtofautishi mtu na wenzake, naye hulazimika kujitangaza.

Injili ya Mathayo inakataza kutenda mema ili kuonwa na watu, lakini pia inataka taa isifichwe. Katika Kurani, Yusuf anamwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, akitaja wazi kwamba yeye ni mlinzi mjuzi. Kosa basi ni kudai usicho nacho. Kujulikana si dhambi.

Mwombaji anayefungua programu aliyowaandikia wauza omena (dagaa) wa ufuo wa Dunga, inayogeuza kipimo cha gorogoro kuwa kilo, kisha akaeleza jinsi hesabu zilivyopotea mtandao ulipokatika na alivyozirudisha, ametoa ushahidi unaopimika. Orodha ya lugha kumi za kompyuta zilizokaririwa haina uzito huo hata kidogo. Anayemtaja pia mwenzake aliyeandika nusu ya kazi hapotezi nafasi: mwajiri makini atampigia simu mwenzake huyo, na maelezo yao yatalingana.