Kiungo Nyuma ya Plasta

Waya ya uzi mmoja na ile ya nyuzi nyingi zote ni shaba, na kuziunganisha si dhambi. Shida ni kuzisokota kwa vidole, kuzifunga tepu na kupiga plasta juu. Nyuzi laini huzunguka ule uzi mgumu, wenyewe haujikunji. Na muda ukipita, kiungo hulegea.

Fundi anawasha balbu, inawaka, analipwa, anaenda. Hajadanganya mtu, si ndio? Lakini balbu ya wati 10 ni mzigo mwepesi. Hata kiungo kibovu kitaubeba. Shawa ya moto ya wati 5,000 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 21, na mkondo ukiongezeka maradufu, joto kwenye kiungo huwa mara nne.

Utasikia: landilodi alilipa kidogo, akapata kazi ya kidogo. Sawa. Ila atakayelala humo hakuwa kwenye hayo mapatano. Wawili wamegawana akiba, hatari wakamwachia wa tatu.

Kwa hivyo "inawaka" si ushahidi wa kazi safi. Konekta ya skrubu ndani ya kisanduku kinachofunguka haigharimu sana, na mtu yeyote kesho anaweza kufungua akaangalia. Uaminifu wa fundi uko hapo: kuacha kazi yake mahali inapoweza kuonekana.