Gari Ni Lile Lile?

Bentley iitwayo Old Number One ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929, ikarudia ushindi huo mwaka 1930. Ikatiwa injini kubwa zaidi. Mwaka 1932 iliruka ukingo wa uwanja wa Brooklands, dereva wake Clive Dunfee akafa, nayo ikaundwa upya. Mwaka 1990 mnunuzi aliyekubali kulipa pauni milioni 10 alikataa kuilipia, akidai hilo silo gari lenyewe. Shauri likafika Mahakama Kuu, London. Jaji Otton aliona kuwa kilichosalia cha mwaka 1929 ni vikorokoro tu. Hata hivyo aliamua: ndilo. Historia yake haikukatika, wala hapakuwa na gari jingine lenye haki ya jina lile.

Naamini alihukumu sawa. Mimi ni fundi, mzaliwa wa Tanga, natengeneza magari ya zamani karibu na Banbury, Uingereza. Si mbali na hapa, kijijini Wroxton, yapo makao ya Bentley Drivers Club. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1936, miaka mitano baada ya kampuni ya kwanza ya Bentley kuanguka na kuchukuliwa na Rolls-Royce. Vivyo hivyo mjini Abingdon: kiwanda cha magari ya MG kilifungwa mwaka 1980, lakini MG Car Club, chama cha tangu 1930, bado kinachapa jarida lake, Safety Fast. Ng'ambo ya bahari, Wamarekani wenye MG aina ya T wanalo lao, The Sacred Octagon.

Wateja huniachia majarida haya karakanani, nami huyasoma kwa heshima. Yamejaa namba za chasisi na za injini, nani alimuuzia nani, ekseli ipi ilitolewa na ipi ikatiwa. Anayejua kusubu bomba la maji lisilopatikana tena dukani huwaeleza wenzake, hata wasio wa nchi yake. Na wakitokea wawili wanaodai namba moja ya chasisi, wazee wa chama hudai hati na picha za zamani. Hawapokei neno tupu. Kwangu mimi, gari lililobadilishwa nusu nzima, na mabadiliko yote yakaandikwa waziwazi, ni halali kuliko lile lenye bati la asili na historia ya uongo.

Swali la gari lile huulizwa hata juu ya binadamu. Baada ya darasa la dini la Ijumaa kijana mmoja aliniuliza: mwili ukishakuwa udongo, na udongo ukawa mti, nani hasa atakayefufuliwa? Swali hilo si la kukemewa. Nilimwambia kwamba hata leo mwili wake si ule alionyonyeshwa nao, na mama yake hajamkosea kumwita mwanawe. Kinachomfanya awe yeye ni maisha yasiyokatika, yanayojulikana na anayemjua. Sisi hujua kidogo, na makabati yetu ya hati huungua. Elimu ya Mola haina pa kukatikia. Aliyetuumba hatutafuti kwa kukusanya vyuma vilivyotawanyika. Anatujua hata ncha za vidole, na kwa kujuliwa huko kila mmoja atasimama akiwa yeye, pamoja na aliyoyatenda yote.

Imani hiyo inanipa kazi duniani. Mama yangu, huko Tanga, amesahau majina yetu wanawe. Jirani husema kwa huruma kwamba yule si yeye tena. Sikubali. Alichopoteza yeye sisi tunakishika: alipozaliwa, aliowalea, deni alilolipa, hata ugomvi aliokufa nao moyoni dada yake. Hatumpambi wala hatumpunguzi. Kumtunzia binadamu habari zake kwa ukweli, asipoweza kuzitunza mwenyewe, ni amana, na tutaulizwa juu yake.