Kibla Mfukoni na Upelelezi

Ndugu zetu wa Kitale na Bungoma,

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Hujurat, Aya ya 12, amekataza kupelelezana. Basi itazameni simu mnayoitafutia Kibla. Mwezi wa Novemba 2020 ilifichuka kwamba programu ya Muslim Pro, itumiwayo na mamilioni ya Waislamu kwa nyakati za Sala, ilikuwa ikiipa kampuni ya X-Mode ya Marekani habari za mahali walipo watu. Na X-Mode ikiwauzia makandarasi wa jeshi. Habari ilipoenea, wenye programu walitangaza kuukata uhusiano huo.

Nasi haja yetu ni ndogo. Kibla cha huku ni kaskazini, kwa kuelekea mashariki kidogo. Na nyakati za miji yetu miwili hazipitani dakika 3. Ratiba ya karatasi msikitini yatosha, tena haiishiwi na chaji. Atakaye programu na aandike jina la mji kwa mkono wake, na aizuie simu kutaja mahali alipo.

Na mume amwandamaye mkewe kwa siri kwa chombo hiki, akidai ni ulinzi, naye Aya ile yamhusu, hata kabla ya makampuni.